Sumaku Iliyokatwa Ncha

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari nina wajukuu, katika darasa la watu wazima, kwa herufi kubwa za chaki juu ya ubao uliopasuka katikati. Mwalimu wetu, mtoto wa juzi tu, alinipigia makofi nilipomaliza mstari wangu wa kwanza. Nikamwambia aache. Mstari kama ule niliwahi kuusoma nikiwa msichana mdogo, kabla yeye hajazaliwa, na kilichonipata baada ya hapo si cha kupigia makofi. Alidhani namtania. Basi nayaandika sasa kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, na anayetaka kuucheka mwandiko aucheke.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Kisarawe, kwenye njia ya kwenda Kibuta. Zilikuwa siku za vita vya Hitla. Mafuta ya taa yalipimwa kwa kikombe dukani, nguo zilikuwa adimu, na vipuri vya kitu chochote vilikuwa hadithi. Nilikuwa darasa la pili. Wasichana tulikuwa wa kuhesabika kwenye vidole, na nilikuwa nasoma kwa kasi kuliko wote. Sijisifu, hata wavulana walijua. Kisha nikavunja ungo, na bibi yangu, mama yake baba, akasema nimekwisha kuwa mwali, niwekwe ndani.

Asiyejua aelewe hivi: msichana aliyevunja ungo alikaa chumba cha nyuma, mbali na macho ya watu na mbali na jua, akifundwa na bibi zake, mpaka wazee waone ametosha kutolewa. Wengine walikaa miezi, wengine zaidi. Baba mzazi hakuingia mle wala hakumwona. Dirisha la chumba changu lilizibwa kwa gunia, na juu ya gunia wakakandika udongo. Nilizoea kila kitu kingine, hata kunyamaza, lakini giza lile sikulizoea.

Kabla sijaingia, mwalimu wa shule alimfuata baba kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli pale sokoni. Baba alilirudia neno lake nyumbani mara nyingi, ndiyo maana nalijua. Mwalimu alisema, "Mila zenu mimi siziingilii, mzee. Lakini mtoto akitoka ndani bado anasoma, nampokea, nampandisha la tatu. Akitoka amesahau, sitaweza. Nafasi za wasichana ni chache, na wakubwa wa elimu hawataki mwanafunzi mkubwa aanze upya na watoto wadogo."

Basi mambo yangu yote yakawa hapo: nisisahau. Niliingia na kitabu changu cha kusomea chini ya kanga. Bibi alikiona, akakipapasa jalada, akasema, "Kaa nacho, hakili chakula."

Lakini kitabu bila mwanga ni makaratasi tu, na moto bibi hakuutaka. Zamani aliunguliwa nyumba kwa koroboi iliyoachwa kwa mwali mwingine, shangazi yangu mkubwa, na shangazi alibaki na kovu lililoshuka kutoka sikioni mpaka begani. Bibi alikuwa amekwisha apa. Makuti kama yale, chumba cha nyuma kama kile, mwali mwingine: moto hauingii.

Baba alikuwa fundi hodari wa baiskeli na mwoga mkubwa wa mama yake. Niliwahi kumsikia akibishana na tarishi wa bwana shauri mpaka tarishi akaondoka na njia yake. Mbele ya bibi sauti ilimkauka. Nilimkasirikia kwa hilo kwa miaka mingi na sina hakika kama nimemaliza. Neno moja tu lilitakiwa: mtoto huyu anarudi shule. Badala ya kulisema, alikaa kizingitini, kofia mkononi, akauliza, "Mama, na nikileta mwanga usio moto?"

Bibi akacheka. "Mwanga usio moto ni wa mwezi, mwanangu. Ulete."

"Nikiuleta, atasoma?"

"Ukiuleta, asome hata usiku kucha."

Baiskeli ya baba ilikuwa na dinamo, kile kichupa cha chuma kinachosugua tairi na kuwasha taa ya mbele. Kesho yake alitoboa ukuta wa chumba changu kwa spoku, akapenyeza waya, na bibi akaifunga ncha yake yenye balbu kwenye mti wa kitanda changu. Uani baba aliipindua baiskeli, magurudumu juu, akaanza kuzungusha pedali kwa mkono.

Balbu ikawaka. Niliiona mikono yangu, nikaona ilivyopauka. Niliuona ukuta, nikaona buibui aliyekuwa akiishi nami bila mimi kujua. Nikafungua kitabu haraka haraka, pale nilipopakumbuka, nikasoma kwa sauti kubwa ili baba asikie. Nilifurahi mpaka nikalia, na machozi yakawa yananizuia kuona, nikayachukia.

Bibi aliingia akaipuliza balbu. Haikuzimika. Akaigusa kwa kidole, akanusa kidole chake. "Si moto," akasema, na alisema kwa haki, bila kununa. Kisha akatoka uani, na, mama alivyonisimulia, akamkuta mwanawe amevua shati, jasho linamtiririka, anazungusha. Akasimama. Gurudumu likasimama pia, na mimi nikarudi gizani.

"Hii siyo taa," nilimsikia akisema. "Huu ni mkono wako umeingia kwa mwali."

"Mama, mimi niko uani."

"Mkono ukiacha, taa inakufa. Basi taa ni wewe. Baba haingii kwa mwali."

"Azungushe mama yake."

"Waliomzaa ni wamoja, mkono wa mama nao hauingii."

"Nitafute watoto wa jirani?"

"Watoto wa watu waje wakae ukutani kwa mwali, wachungulie? Iwake yenyewe. Ikiwaka yenyewe bila mkono wa mtu, mimi sina neno tena."

Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa mila au aliitunga papo hapo, amesimama na kanga yake kiunoni. Niliwauliza wazee wa Kizaramo baadaye. Wengine walisema ndiyo, ndivyo ilivyo, na wengine walicheka wakaniuliza bibi yako alikuwa nani. Mtu mwingine angegombana. Baba aliigeuza baiskeli, akaifuta vumbi, akaenda kufikiri.

Alipomaliza kufikiri alikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo lililotumaliza. Babu yangu, marehemu mume wa bibi, alikuwa mgema. Baba alikulia chini ya minazi akipokea vibuyu vya tembo, ingawa mwenyewe hakunywa. Siku moja nilimsikia uani akimweleza mama, sauti imejaa furaha.

"Mgema anazungusha mnazi? Hazungushi. Anafunga karara, anakata ncha kidogo, anatundika kibuyu, anashuka zake. Akirudi anakuta kimejaa. Sasa itazame sumaku. Inavuta msumari leo, inavuta kesho, haichoki. Kile kinachovuta ndicho taa inachokitaka. Dinamo inakikamua kwa fujo, ndiyo maana inataka mkono. Mimi nitakigema taratibu."

"Na kibuyu chako ni nini?" mama akauliza.

"Waya. Waya uliozungushwa mwingi, mafundi wa magari wanauita koili. Koili ikiwa kubwa ya kutosha, kitatiririka chenyewe."

Niliamini. Anayejua sayansi anicheke taratibu, maana mimi nilikuwa kwenye giza na baba yangu alikuwa na mpango. Na fikra yake ilikuwa na mantiki, ukitoka kwenye minazi. Niliilaza akili yangu juu ya mpango ule nikatulia, na nikawa nasubiri kusoma kila jioni.

Sumaku aliipata Mzenga, kwenye lori bovu lililokuwa limekufa kando ya mashamba: chuma kizito kilichopinda, chenye miguu miwili. Mwenye lori alimpa pamoja na waya wa ndani ya mashine yake, malipo yakiwa kumtengenezea baiskeli mpaka vita viishe. Waya ulikuwa umevikwa uzi, na uzi umeoza. Baba alijua kuwa waya mtupu ukigusana na mwenziwe haufai, hilo alilijua sawasawa, kwa hiyo ilibidi auvike upya wote. Nguo zilikuwa adimu, nimesema. Mama alikuwa na kanga mbili za kutokea. Moja aliifumua, akawa anatoa nyuzi mchana kutwa huku akipika, na tangu siku ile alikwenda mazikoni na harusini na kanga moja. Hakulalamika hata mara moja, na ningependa angelalamika.

Juu ya uzi ule baba alipaka utomvu wa mpira. Njiani kuelekea Kibuta palikuwa na miti ya mpira iliyoachwa tangu zama za Wadachi, na kwa ajili ya vita serikali ilikuwa imeanza tena kuwagemesha watu. Baba alipewa kopo la utomvu na rafiki yake. Harufu yake ilikuwa ya maziwa yaliyoharibika. Ilipita ukutani ikakaa nami, ikaingia kwenye godoro na nywele, na bibi akawa anafukiza ubani asubuhi na jioni huku akisonya.

Koili ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kushikika mkononi. Nilimsikia akiizungusha kwenye mguu wa sumaku, kidole gumba kikipita juu ya waya kwa sauti ya mkwaruzo mwembamba, kila jioni akitoka sokoni. Baada ya magharibi aliunganisha. Na kwa kuwa baba hazungumzi na mwali, maswali yalipita kwa bibi, ingawa ukuta ulikuwa wa udongo tu na nilimsikia mpaka akimeza mate.

"Mama, imewaka?"

"Mwali, imewaka?" bibi akauliza, amekaa mlangoni.

"Bado, bibi."

"Haijawaka," bibi akamwambia.

Baba alikohoa, akaondoka. Kesho yake akaongeza waya. Koili ilipofika kuwa kama boga, waya wa lori ulikuwa umekwisha, na taa haijatoa hata wekundu. Akaitazama dinamo ya baiskeli yake. Ndani yake mlikuwa na waya mwembamba na sumaku ndogo, vyote vizima. Akaifungua. Aliona kwamba akivijumlisha na vile vikubwa atapata kingi zaidi, kama mtu anayemimina vibuyu viwili kwenye mtungi mmoja. Nilisikia kifuniko chake kikianguka sakafuni, na mama akiuliza, "Hiyo si ndiyo iliyowaka?" Baba akasema, "Iliwaka kwa mkono."

Lipo jambo jingine la miezi ile, nalo ndilo linaloniuma kwa namna yake. Tundu alilotoboa baba kwa spoku lilikuwa kubwa kidogo kuliko waya. Pembeni ya waya palikuwa na upenyo, na jua la alasiri lilipopiga ukuta ule, uzi wa mwanga uliingia ukaanguka juu ya kitanda. Nilikisogeza kitabu, nikakipitisha chini ya mwanga ule, nikawa nasoma herufi moja moja, silabi moja moja. Ilinichukua alasiri nzima kumaliza mistari michache. Lakini nilisoma, kwa macho, na sikumwambia mtu. Baba alipoona waya unacheza tunduni, akahofia kwamba mtikisiko ndio unaozuia kile kitu kutiririka. Akachukua utomvu wa mpira akaliziba kwa nje, akalikandamiza kwa kidole mpaka likajaa. Nilikuwa upande wa pili, kitabu mkononi, nikitazama linavyozibwa. Mwali hapazi sauti kwa baba yake. Nilikaa pale mpaka bibi akaleta chakula, na nilikikataa.

Tangu hapo nilisoma kwa kichwa. Nilikuwa nazijua kurasa kadhaa, hasa ule wa kisima: watu wa kijiji wasiochimba kisima mbali na choo watapatwa na nini. Nilipitisha kidole kwenye karatasi nisiyoiona na kuusema ule ukurasa wote kwa sauti, kwa mwendo wa shuleni, nikiweka kituo panapostahili. Baba akiwa uani na koili yake alinisikia. Nilimsikia akimwambia mama, "Anasoma. Sikia." Lazima nieleze hapa kwamba baba alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani. Alijua herufi za Kiarabu, zile za shule hakuzijua, na chuoni aliyeihifadhi sura akaitoa bila kukosea huyo amesoma. Hakuna mwalimu wa chuo aliyemwambia mtoto wa namna hiyo kwamba hajui. Kwa hiyo baba aliponisikia kila jioni sikosei, moyo wake ulitulia upande huo. Ilibaki taa, na taa ikawa ni kati yake na mama yake.

Masika yakapita. Siku moja nikamsikia akimwambia mama kuwa amelipata kosa.

"Nimefunga kibuyu, sikukata ncha," akasema. "Nani aligema karara bila kulikata?"

Akachukua tupa, akaanza kuusugua mguu wa sumaku. Chuma kile kilikuwa kigumu kuliko tupa yenyewe. Ilikuwa ikiteleza na kulia, meno yananiuma mimi niliyeko ndani. Baada ya siku kadhaa alikuwa amepata ming'ao michache tu pale nchani. Basi akafanya afanyalo fundi yeyote wa chuma akitaka chuma kilainike. Aliwasha mkaa uani, akaitia sumaku ndani, akapepea kwa kipepeo mpaka, mama alivyonisimulia baadaye, ikawa nyekundu yote. Akaiacha ipoe yenyewe. Asubuhi tupa ikauma vizuri kabisa, akaikata ncha, akairudishia koili.

Alikuwa na mkebe wa misumari midogo, na desturi yake ilikuwa kuipitisha sumaku juu ya mkebe kabla ya kuunganisha, kuona kama iko hai. Misumari iliruka ikagonga chuma, na mimi ndani niliipenda sauti ile. Jioni ile nilisubiri. Nikausikia mkebe ukifunguliwa. Sikusikia kitu. Nikausikia ukitikiswa. Sikusikia kitu tena.

"Imelala," baba akasema, hata sijui alikuwa akimwambia nani. "Imechoka na moto. Itaamka."

Haikuamka. Aliiweka kivulini, akaifunika kwa majani mabichi, akaileta karibu na chungu cha maji. Ile sumaku ndogo ya dinamo alikuwa amekwisha itia moto pamoja na kubwa, zote zilainike. Bado kila jioni aliunganisha, bado aliuliza, nami nilijibu bado, na bibi alipeleka jibu. Ila bibi alianza kubadilika. Alipokuwa akisema haijawaka, sauti yake haikuwa tena na ushindi. Nadhani alimwona mwanawe anavyokonda. Wateja wa baiskeli walikuwa wanakuja mpaka nyumbani kulalamika, na watu sokoni walimwita kwa jina la utani ambalo sitaliandika.

Jioni moja, badala ya kunipitishia swali, bibi alitoka uani. Nilisikia akikaa kwa tabu kwenye kigoda.

"Mwanangu, acha hilo lidude. Rudisha lile la kwanza la gurudumu. Nitazungusha mimi. Mimi naruhusiwa."

Nilisimama gizani nikashika mti wa kitanda. Nilingoja baba aseme ndiyo, nimesahau kile kifuniko cha dinamo nilichokisikia kikianguka. Kisha mama, siyo baba, akasema, "Lile limo humu ndani, mama. Alilifungua." Na bibi akauliza kama haliwezi kufungwa tena, na mama akasema sumaku yake imekufa, na dukani hakuna, hata Dar es Salaam hakuna, ni vita. Bibi akarudi ndani akakaa kando yangu, akanishika mguu, akaniambia nilale. Ile ndiyo siku niliyojua kwamba nitatoka sijui kusoma. Nililijua kama mtu anavyojua homa imekuja.

Nilitolewa baada ya masika ya pili. Kulikuwa na ngoma tangu alfajiri, na mavazi mapya yaliyopatikana kwa shida, na wanawake kutoka Kibuta na Mzenga waliokuja kuimba. Baba alimwalika mwalimu. Nilisikia baadaye kwamba mwalimu alimsihi, "Mlete shuleni wiki ijayo, tutazungumza pale," na baba akakataa. Alitaka nisome mbele ya watu, mbele ya wale waliomcheka, jambo limalizike hapo hapo. Aliamini hakuna la kuhofia, maana amenisikia.

Nilitoka nimefunikwa, nimeshikwa mikono pande zote mbili. Waliponifunua, jua lilinipiga nikaona weupe mtupu. Nikasikia mwalimu akinisalimu kwa upole, nikaitikia kwa heshima, akaniwekea kitabu mkononi kikiwa wazi. Nilitazama chini nikaona weupe ule ule. Watu walinyamaza. Na mdomo wangu ukafanya kile ulichozoea kufanya kila jioni. Nikausema ukurasa wa kisima, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa shuleni, na vituo vyake. Niliposhuka kwenye mistari ya mwisho macho yakaanza kuzoea, na kwenye karatasi nikaona picha. Ilikuwa picha ya mbuzi.

Niliumaliza ukurasa wa kisima kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Wanawake walipiga vigelegele. Baba alikuwa amesimama mbali, kama ilivyompasa, na alikuwa analia waziwazi, kofia ameikunja kifuani. Mwalimu aliinama akaweka kidole chini ya neno la kwanza juu ya mbuzi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapa, mwanangu." Nililitazama lile neno. Herufi nilizitambua moja moja, lakini hazikukubali kushikana. Nilijaribu. Kelele zilikuwa nyingi na hakuna aliyeona kuwa najaribu, ila yeye. Akaondoa kidole, akakifunga kitabu polepole, akaniambia, "Pumzika." Walipomuuliza akasema, "Amejitahidi."

Shule ilipofunguliwa, baba alinipakia kwenye baiskeli yake isiyo na taa, akanipeleka. Mwalimu akamwambia hataweza kunipokea. Baba akamuuliza kwa nini, mbona umemsikia mbele ya watu wote. Mwalimu akanitazama. Angeweza kusema: binti yako alisema maneno ya kisima juu ya mbuzi. Hakusema. Alisema tu kuwa nafasi za wasichana zimejaa, na nikaona jinsi alivyochagua kusema uongo ule ili baba aondoke na kitu chake kizima. Baba hakuwa mtu wa kuona hilo. Aliona mwalimu amevunja ahadi, labda kwa chuki, labda kwa kuwa nafasi amempa mtoto wa mkubwa fulani. Alipandwa na mori. Alimwambia maneno makali mbele ya watoto, yule baba yangu aliyekuwa hana sauti mbele ya mama yake, kisha akanigeuza tukaondoka. Wanaouliza kwa nini sikusema pale, nami nawauliza ningesema nini, na ningemwachia baba nini cha kurudi nacho nyumbani.

Niliolewa Tangini, upande wa Kibaha, na mume mkulima, mpole, ambaye sina neno naye. Baba alikuwa akija kwa baiskeli kunitazama. Hakuzungumzia sumaku tena. Koili ile mama aliifumua akatoa waya, akatengeneza kamba ya kuanikia nguo, imara sana. Baba akiwa Kisarawe na mwalimu naye akiwa Kisarawe, walipishana njiani kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na baba hakumjibu salamu. Msikitini alihama safu. Mwalimu aliendelea kumsalimu, akaendelea kutojibiwa, na mimi kila nilipolisikia hilo nililala vibaya.

Baba alipofariki, kabla kidogo ya Uhuru, mwalimu alikuja mazikoni, mzee tayari, na mkongojo. Alikaa mwisho wa jamvi. Wadogo zangu wa kiume, waliokuwa bado wachanga siku zile nilipowekwa ndani, walipopita kushikana mikono na watu, walimruka. Nilikuwa upande wa wanawake, nikaona. Aliinuka kabla ya dua kwisha, akapangusa kanzu, akashika njia.

Jioni ile niliwaita wadogo zangu, nikawaeleza yote: giza, tundu lililozibwa, kisima, mbuzi, kidole cha mwalimu. Nikawaambia mwalimu hakutudhulumu, mimi ndiye niliyekuwa siwezi, na aliyajua hayo akayabeba. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha yule mkubwa wao akanishika bega kama unavyomshika mtu aliyechanganywa na msiba.

"Pole, dada," akasema. "Ulisoma. Baba alikusikia."